Kipimo cha Mzigo: Shajara ya Mradi wa Mazoezi-Tiba, Nyalenda, Kisumu

Kabla ya kuanza

Kwa miaka mingi ya kazi yangu ya fiziotherapia hapa Kisumu nimewaona wagonjwa wa magoti, mabega na vifundo vya miguu wakilazwa chini ya mashine ya mawimbi ya sauti, wakipakwa jeli, wakiambiwa wapumzike, kisha wakirudi baada ya wiki mbili wakiwa vilevile walivyokuwa. Mimi mwenyewe nimeishika mashine hiyo mara nyingi. Tafiti zilizolinganisha tiba hiyo na mashine iliyozimwa, kwa watu walioteguka kifundo cha mguu, hazikuona faida yenye uzito, na tangu nilipozisoma imekuwa vigumu kwangu kumtoza mama muuza mboga pesa zake kwa ajili ya mawimbi yale.

Dawa iliyo na ushahidi mkubwa zaidi kwa majeraha ya misuli na viungo ni mzigo unaopimwa na kuongezwa hatua kwa hatua. Jambo hili si geni. Mwaka 1945 daktari Mmarekani Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari majeruhi huko Chicago, aliandika kwamba misuli iliyonyauka baada ya jeraha hurudi upesi zaidi mgonjwa anapoinua uzito mkubwa mara chache, na uzito huo ukaongezwa kadiri anavyopata nguvu, ilhali desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa wagonjwa mazoezi mepesi yasiyoisha. Kinachotushinda sisi ni kuigawa dawa hiyo kwa kipimo sahihi, mahali ambapo hakuna vyuma vya mazoezi, na kwa watu ambao hawawezi kuacha kazi hata siku moja.

Tumeazima ukumbi wa kanisa Nyalenda, siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi alasiri. Tuko watatu: mimi, mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, na mhudumu wa afya ya jamii ambaye anaijua mitaa hii nyumba kwa nyumba. Vifaa ni vigoda, jerikeni, magunia ya mchanga, vipande vya tyubu kuukuu za baiskeli, na daftari moja kwa kila mtu.

Wiki ya 1: vigoda

Kipimo chetu kikuu ni kile cha kusimama na kuketi kwa sekunde 30. Mtu huketi kwenye kiti kisicho na mikono, hukunja mikono kifuani, nasi tukahesabu ni mara ngapi anasimama wima kabisa kabla muda haujaisha. Ni kipimo kisichohitaji gharama, kinatumika sana kwa wenye maumivu ya goti na nyonga, na kinafanana na maisha yenyewe, kwa sababu mama anayeuza vitu vilivyotandazwa chini pale sokoni Kibuye huinuka na kuketi kutwa nzima. Sharti lake moja ni kwamba kiti kiwe na kimo kilekile kila mara, takriban sentimita 43.

Seremala alituletea vigoda sita. Siku ya kwanza mama mmoja alisimama mara 9, akapumzika, akahamia kigoda cha jirani ili kumpisha mwenzake, na alipojaribu tena akasimama mara 12. Mwanafunzi alifurahi na kuandika 12. Nilichukua futi ya kupimia nikavipima vyote: cha kwanza kilikuwa na sentimita 40, cha pili 45. Sentimita tano za mbao zilikuwa zimempa mama yule maendeleo ambayo goti lake halikuwa nayo. Tulivirudisha vigoda vyote, vikasawazishwa, na daftari za siku ile tukazifutia hesabu na kuanza upya. Niliona ni afadhali kupoteza siku moja kuliko kuwadanganya watu hawa kwa wiki kumi na mbili.

Wiki ya 2: wasio wetu

Kabla mtu hajapewa zoezi lolote tunamchuja, na wiki hii uchujaji ulichukua muda mwingi kuliko mazoezi.

Kijana wa boda boda alikuja akichechemea. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu kwenye tope karibu na Kondele siku tatu zilizopita, na kwenye zahanati aliyokwenda kwanza alifungwa bendeji, akapewa dawa za maumivu, akaambiwa ameteguka. Kwa visa kama hivi tunafuata Kanuni za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992 na madaktari wa mji huo wa Kanada, ambazo zinamwezesha mhudumu asiye na mashine ya eksirei kuamua nani anaihitaji. Mwenye maumivu ya kifundo hupelekwa kupigwa picha iwapo mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa kifundo cha nje au cha ndani, au iwapo hakuweza kupiga hatua nne mara tu baada ya kuumia na hawezi kuzipiga mbele yako. Kuna sehemu mbili nyingine za kubonyeza katikati ya wayo, upande wa nje na wa ndani. Asiye na dalili hata moja ni nadra sana kuwa na mvunjiko wa maana, na anaweza kuokoa nauli na ada ya picha.

Nilibonyeza ncha ya mfupa wa nje kwa kidole gumba. Aliuvuta mguu kabla sijakaza. Nikamwomba apige hatua nne hadi ukutani, akapiga moja na kushika bega langu. Alikwenda kupigwa picha jioni ileile, na mfupa ulikuwa umevunjika. Atarudi kwetu daktari wa mifupa akimruhusu.

Wa pili alikuwa mtoto wa miaka sita, mama yake amembeba mgongoni, akisema ana maumivu ya viungo yanayohama, leo mkono, wiki iliyopita mguu, na vidole vilikuwa vimevimba. Katika ukanda huu wa ziwa ugonjwa wa selimundu, ule wa damu wa kurithi, ni wa kawaida mno kiasi kwamba mtoto wa namna hiyo hapaswi kukandwa wala kufanyishwa mazoezi kabla damu yake haijapimwa. Mhudumu wetu aliwasindikiza hospitalini mwenyewe. Vilevile hatumpokei mwenye kiungo kimoja chenye joto na uvimbe pamoja na homa, wala mwenye maumivu ya mgongo yasiyompa usingizi usiku huku akipungua uzito, kwa kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo miongoni mwetu.

Wiki ya 3: mafuta ya goti

“Mwanangu, goti langu limeisha mafuta, na gari lililoisha mafuta haliendeshwi,” aliniambia mama mmoja muuza mitumba, mwenye miaka kama 60, na wenzake wote kwenye benchi wakaitikia. Nimelisikia neno hili tangu nianze kazi. Kinachosemwa hakina ubaya, ila kinamfundisha mtu kuliogopa goti lake mwenyewe, na mwenye hofu hukaa, na anayekaa misuli yake ya paja hupungua, na misuli ikipungua goti hubeba mzigo peke yake.

Niliomba sifongo ya kuoshea vyombo na beseni la maji. Nikawaonyesha kwamba gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, hivyo linalishwa na majimaji ya ndani ya kiungo, ambayo hutoka linapogandamizwa na kuingia linapoachiwa, kama sifongo inavyofanya mkononi. Nikamwambia: “Mama, goti lako halijaisha mafuta. Mafuta hayo huzunguka unapolitumia.” Aliichukua sifongo akaiminya mwenyewe mara kadhaa bila kusema neno, kisha akauliza aanze na nini.

Mpangilio wetu kwa kundi la magoti tumeuazima kutoka Denmark, ambako mwaka 2013 Ewa Roos na Søren Skou walianzisha programu ya mafunzo na mazoezi kwa wenye magoti na nyonga zilizochakaa: masomo machache ya kuuelewa ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi chini ya usimamizi, mara mbili kwa wiki. Sisi tumeongeza wiki sita nyingine za mzigo mzito zaidi. Kuhusu maumivu tunatumia rangi za taa za barabarani. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya 0 hadi 2 ni kijani, 3 hadi 5 ni manjano na mtu anaweza kuendelea, kupita hapo ni nyekundu na mzigo unapunguzwa. Maumivu yaliyoamshwa na zoezi yawe yametulia kufikia kesho yake.

Mama mwingine aliniuliza kama si bora afanyiwe upasuaji wa kusafisha goti kwa mrija, kama jamaa yake alivyofanyiwa. Nilimweleza kwamba huko Houston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 180 waliochakaa magoti waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakasafishwa goti kwelikweli, wengine wakachanjwa ngozi tu bila goti kuguswa, na baada ya miaka miwili waliosafishwa hawakuwa na nafuu zaidi ya waliochanjwa. Aliguna kwa muda mrefu. Pesa za jamaa yake zilikuwa zimetokana na ng’ombe wawili.

Wiki ya 4 na ya 5: Jumatatu

Hesabu zilianza kushuka. Akina mama waliosimama mara 10 wiki ya pili walisimama mara 8, na maumivu waliyoyataja yalipanda. Mwanafunzi alipendekeza tupunguze mazoezi, nami nilikaribia kukubali.

Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyetufumbua macho. Alituuliza swali moja tu: tunawapima siku gani? Jumatatu. Na siku kuu ya soko la Kibuye ni ipi? Jumapili. Tulikuwa tukiwapima watu waliosimama juani tangu alfajiri ya jana, waliobeba marobota kichwani kwenda na kurudi, halafu tukaandika kwamba mazoezi yetu yanawadhuru. Alhamisi tuliwapima upya wote, na hesabu zikarudi zilipokuwa au zikapanda.

Kuanzia hapo vipimo vyote hufanywa Alhamisi, na Jumatatu imekuwa siku ya mzigo mwepesi na mafunzo. Tumeongeza pia safu kwenye daftari inayouliza kazi aliyofanya mtu jana yake, kwa kuwa robota la mitumba nalo ni mzigo, na mwili hautofautishi kati ya uzito uliotolewa na sisi na uzito uliotolewa na soko.

Wiki ya 6: mchanga

Hii ndiyo wiki iliyonisumbua zaidi, na kosa lilikuwa letu.

Tunaye mvuvi wa Dunga, kijana wa miaka 30 na kidogo, mwenye maumivu ya muda mrefu kwenye kano ya kisigino cha kulia, yaliyoanza kutokana na kusukuma mashua mchangani. Siku ya kwanza aliweza kuinuka kwa vidole mara 25 kwa mguu mzima na mara 9 tu kwa mguu mbovu. Kwa kano ya namna hii tuna ushahidi mzuri. Mwaka 1998 daktari Msweden Håkan Alfredson alieleza wagonjwa 15 walioshusha kisigino polepole kwenye ngazi kwa mguu mbovu, mara 180 kwa siku, kila siku kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Hata hivyo mvuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa na kulala mchana, na kumwambia atafute nafasi ya marudio 180 kila siku ni kumfukuza kwa upole. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulilinganisha njia hiyo na njia ya uzito mkubwa unaoinuliwa taratibu mara tatu tu kwa wiki, na matokeo yakafanana, huku njia ya pili ikichukua muda mfupi zaidi. Tukachagua hiyo: sekunde 3 kupanda, sekunde 3 kushuka, seti tatu za marudio 15 mwanzoni, kisha uzito unaongezwa na marudio yanapungua hadi 12, 10, 8, na mwishoni 6.

Uzito wenyewe ulikuwa gunia la mchanga wa ziwani begani. Tuliujaza kwa gorogoro, tukaupima kwa mizani ya muuza nafaka, ukatimia kilo 20. Kisha mvua za masika zikaja. Gunia lilihifadhiwa kwenye baraza ambayo paa lake linavuja, na hakuna aliyeliangalia. Jumatatu ile mvuvi alifanya seti zake kama kawaida, akisema limekuwa zito leo, nami nikadhani amechoka kwa kazi ya usiku. Jumanne asubuhi hakuweza kukanyaga kisigino alipotoka kitandani, na maumivu yalikuwa 7. Alipokuja Alhamisi tulilipima gunia: kilo 24 na zaidi. Maji yaliyonyonywa na mchanga yalikuwa yamempa ongezeko la karibu wiki tatu kwa siku moja.

Nilimwomba radhi. Nikamweleza pia kwamba kano haikukatika, ila imekasirishwa, na kwamba kuipumzisha kabisa kungeturudisha nyuma zaidi. Kwa siku kumi alifanya zoezi la kukaza bila mwendo, akisimama kwa vidole kwa sekunde 45 na kurudia mara tano, hadi maumivu ya asubuhi yakarudi 3. Magunia tumeyaondoa. Sasa tunatumia jerikeni za lita 20 zenye alama za rangi kila lita, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, iwe kiangazi au masika, na mtu anaweza kuisoma mwenyewe nyumbani kwake.

Wiki ya 8: uwanjani

Kocha wa timu ya vijana kutoka Manyatta alitualika. Wachezaji watatu walikuwa wamechanika misuli ya nyuma ya paja msimu huu, na wote walikuwa wamerudi uwanjani mara tu maumivu yalipoisha. Tuliwafundisha programu ya kupasha mwili moto ya FIFA inayojulikana kama 11+, ambayo huchukua dakika kama 20 na imeonyeshwa katika nchi kadhaa kupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi inapofanywa angalau mara mbili kwa wiki.

Ndani yake kuna zoezi ambalo mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akajiachilia kwenda mbele taratibu, akizuia anguko kwa misuli ya nyuma ya paja. Kocha alitaka wafanye seti tatu za mara 12 siku ileile. Nilimzuia. Misuli isiyozoea zoezi hili huuma vibaya kwa siku mbili tatu, na kijana aliyeumizwa na zoezi la kinga halirudii. Watafiti wa Denmark waliolijaribu kwa mamia ya wachezaji walianza na seti mbili za mara tano, siku moja tu katika wiki ya kwanza. Tumefuata hivyo.

Kipa wao amekatika ligamenti ya mbele ya goti, yaani ukanda unaoshikanisha mifupa ya goti, na familia inachangisha pesa za upasuaji. Niliwaeleza kwamba huko Sweden, katika vijana 121 waliofuatiliwa, zaidi ya nusu ya waliopangiwa kuanza na mazoezi makali walikuwa hawajahitaji upasuaji miaka miwili baadaye, na magoti yao yalifanya kazi sawa na ya waliofanyiwa mapema. Goti linalolegea na kuachia hata baada ya mazoezi linahitaji daktari wa upasuaji. Wamekubali tujaribu miezi mitatu kwanza. Kwa vyovyote vile, kufanyiwa upasuaji au kutofanyiwa, sitamruhusu langoni kabla ya miezi tisa.

Wiki ya 10: mikono

Watu wanapenda kukandwa, nami sioni sababu ya kuwanyima. Kukandwa hutuliza maumivu kwa saa kadhaa, na saa hizo zinatosha kumfanya mtu afanye zoezi alilokuwa akiliogopa. Tunatoa dakika tano, kisha mtu anasimama. Ninachopinga ni kukanda kwa nguvu jeraha la jana lenye uvimbe, jambo ambalo bado linafanyika majumbani kwa maji moto na chumvi.

Wiki ya 12: hesabu

Kati ya watu 24 walioanza, 19 wamefika mwisho. Kati ya akina mama 11 wa magoti waliobaki, wanane wameongeza angalau marudio mawili kwenye kigoda, wawili wako palepale, na mmoja ameshuka, ambaye tumempeleka kuchunguzwa nyonga. Mama wa mitumba amefika mara 13. Sina kundi la kulinganisha, na maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo siwezi kudai kwamba nafuu yote imetokana na sisi. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kigoda kilikuwa kilekile, siku ilikuwa ileile, na aliyehesabu hakuwa mimi.

Watano walioacha tuliwatafuta. Wawili walihama. Mmoja alipata kazi ya mkono Ahero kwenye mpunga. Wawili walisema saa nane mchana ndipo wateja wa jioni huanza kununua, na kwamba walituambia hivyo wiki ya kwanza. Nimerudi kwenye daftari na ni kweli, imeandikwa. Kundi la pili litaanza saa 3 asubuhi.

Mvuvi ameinuka kwa vidole mara 19 kwa mguu mbovu. Kisigino bado kinakaza asubuhi kwa dakika chache, na nimemwambia atahitaji wiki 12 nyingine. Ameomba jerikeni moja aende nayo Dunga. Tumempa, tukaipaka alama hadi lita ya 16, na hapo tumefunga kamba nyekundu shingoni mwa chombo ili asijaze zaidi kabla hatujampima tena Alhamisi.